Kulabu Iliyoandikwa Sikudhani

Hii haikutokea zamani, wala haikutokea mbali, ila haikutokea kwenu. Tuelewane hapo mapema. Ni nchi nyingine kabisa, ina bendera yake, ina mto wake, ina watu wake wenye adabu zao, na ukiona humu kitu kinafanana na cha kwenu basi mwenye kosa ni hicho kitu.

Ilianza siku Mtukufu alipoalikwa chakula cha mchana ng'ambo ya mto. Mtukufu ndiye mkuu wa nchi. Jina lake kamili lilichukua dakika nne kusomwa redioni, kwa hiyo taarifa ya habari ya nchi ile ilikuwa na mambo mawili tu, jina na hali ya hewa. Akaenda kwa jirani yake na njaa, akarudi na njaa ile ile. Alichooneshwa kilimsahaulisha sahani. Alioneshwa daraja la chuma cha pua, jeupe, linang'aa, halina kutu hata ya kusingizia. Jirani akaligonga kwa pete yake, daraja likalia ngiiii.

"Hiki tunakipika wenyewe," jirani akasema. "Ninyi kule mnatengeneza nini siku hizi?"

"Sisi tunatengeneza mazingira," Mtukufu akajibu.

Jioni ile ile akatokea kwenye televisheni, uso umemvimba kwa kijicho. "Wananchi," akasema, "wenzetu wana pua. Sisi hatuna pua. Natoa miezi sita, na sisi tuwe na pua, tena kubwa kuliko ya kwao."

Wananchi wakajishika katikati ya uso, kuhakikisha. Sasa pua, ukifungua kamusi, ni chuma kilichopikwa na madini mengine mpaka kikawa kigumu. Lakini nani anafungua kamusi wakati wa kula? Wizara ya Afya ndiyo ilikuwa ya kwanza kutekeleza agizo. Ikapita nyumba kwa nyumba ikihesabu, na ndani ya wiki ikatangaza kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia mia, isipokuwa mzee mmoja wa Mlimani aliyeng'atwa na fisi. Wizara ya Viwanda ilipokuja kueleza kwamba inayozungumzwa ni pua ya chuma, Wizara ya Afya ikagoma kuachia. Wivu wa wizara ni mbaya kuliko wa mitala. Mwisho wakasuluhishwa, Viwanda wajenge kiwanda, Afya watoe nembo. Ndiyo maana Kiwanda cha Pua cha Taifa kilikuwa na picha ya pua kubwa getini, matundu mawili na vinyweleo vyake, na pua kama hiyo, ndogo, kwenye kila ovaroli, kifuani upande wa kushoto.

* * *

Chini ya pua ile ndipo alipofanya kazi Sikudhani Malembeka.

Mama yake alikuwa ameshakata tamaa ya kuzaa, alipomshika mtoto mkononi akasema "sikudhani," na mkunga akaandika hivyo hivyo. Sikudhani alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye matanuru, kuanzia karakana ya reli mpaka pale. Alijua joto kwa rangi, hahitaji kipimo. Chuma cha rangi ya chungwa bivu bado, rangi ya ndizi mbivu karibu, rangi ya maziwa ndiyo wakati wake.

Na mafundi wa chuma wa nchi ile wana desturi moja. Anayesimamia mwago wa kwanza ndiye anayepiga chapa. Chuma kikiwa bado chekundu unachukua herufi zako na nyundo, unagonga jina lako, likae humo mpaka kiama. Sikudhani alikuwa na herufi zake za chuma, amezifunga kwenye leso, anatembea nazo mfukoni mwaka wa kumi na tisa sasa. Zilikuwa nane tu, maana herufi ya I unaitumia mara mbili. Hazijawahi kugonga kitu. Huko karakana chapa walipiga mabosi, yeye akishika koleo.

Kwa hiyo nafasi ya Fundi Mkuu, ndiye msimamizi wa mwago, ilipotangazwa, kiwanda kizima kilijua ni yake. Hata yeye alijua. Kosa lake la kwanza.

Usaili uliendeshwa na Waziri wa Viwanda, Mheshimiwa Mapambio, mtu mwenye shingo fupi na hotuba ndefu. Aliuliza swali moja tu, "Chuma cha pua kinatengenezwaje?"

"Unayeyusha vyuma chakavu kwenye tanuru la umeme mpaka viwe uji," Sikudhani akasema. "Unatia chokaa, inavuta uchafu wote juu, ule tunaouita mavi ya chuma, unaukwangua unautupa. Hapo chuma kimebaki peke yake, laini, hakina tabia. Ndiyo unakipa tabia sasa. Mkaa kidogo sana, kiwe kigumu. Kromu, kisichakae upesi. Nikeli, kisiwe na moyo mwepesi. Molibdeni konzi mbili, kivumilie joto. Unamwaga, unakipiga nyundo kikiwa chekundu, kisha unakitia matiko. Unakizamisha kwenye oili kikiwa cha moto, kinakuwa kigumu mpaka kina hasira, halafu unakirudisha kwenye moto mdogo kipunguze hasira. Kigumu tupu kinavunjika, mheshimiwa. Laini tupu kinapinda. Kazi yote iko pale katikati."

"Hapo umemtaja Mtukufu mara ngapi?"

"Sijamtaja."

Waziri akaandika kitu.

Akafuata Farijala. Farijala alikuwa na miaka minne kwenye kazi, na yote minne alifundishwa na Sikudhani, kuanzia kuvaa miwani kabla ya kuchungulia tanuru. Akaulizwa swali lile lile. Akajibu, "Kinatengenezwa kwa maono ya Mtukufu." Alipata tisini na nane. Mbili zilikatwa kwa sababu hakusimama.

* * *

Roho ilimuuma Sikudhani, na haikuuma kwa mambo makubwa. Iliuma kwa kofia. Fundi Mkuu anavaa kofia nyeupe, wengine njano, na hujui kofia nyeupe ni nyeupe kiasi gani mpaka uione kwenye kichwa cha mtu uliyemfundisha kufunga mkanda wake. Iliuma kwa kile kiti cha kuzunguka. Farijala akiitwa alikuwa hageuzi shingo, anageuza kiti.

Na iliuma kwa simu. Farijala aliweka stetasi asubuhi, amekaa kwenye kiti, kofia nyeupe, kidole kwenye shavu, ameandika *Mungu hachelewi*. Sikudhani akaiangalia. Akaangalia tena kama kofia imemkaa vizuri. Haikumkaa vizuri. Akaangalia tena kufurahia hilo.

Mchana Farijala akapita kwenye tanuru. "Dada Siku, shikamoo. Naona umeangalia stetasi yangu."

"Kidole kiliteleza."

"Kiliteleza mara saba?"

Simu kumbe haihesabu mara, inaonesha jina tu. Farijala alikuwa anabahatisha. Lakini Sikudhani hakujua, akageukia tanuru kuficha uso, na wanaomjua wanasema siku hiyo uso ndio uliokuwa na joto zaidi.

* * *

Kikao cha kupitisha mchanganyiko kilifanyika Jumanne. Sikudhani alitakiwa aandike ubaoni kila kitu kwa kilo mia, aandike akae. Akaandika chuma kilo tisini na saba, kromu moja, nikeli moja, mkaa nusu kasoro, na hizo konzi konzi nyingine. Akakaa.

Mbunge wa Bondeni akasimama. "Makaa yanatoka kwetu Bondeni. Naona hapa nusu kilo kasoro. Ndiyo thamani ya watu wa Bondeni hiyo?"

"Na sisi Mlimani tunatoa kromu," akasema mwenzake. "Kilo moja. Kaskazini wanakotoa chuma wamepewa tisini na saba. Tisini na saba, waheshimiwa. Mtukufu mwenyewe uchaguzi uliopita alipata tisini na sita."

Hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Chuma kilikuwa kimempita Mtukufu kwa asilimia moja. Mbunge wa Kaskazini akatoa leso akajifuta, akaomba kumbukumbu ioneshe kwamba chuma hicho kilijiongeza chenyewe.

"Sisi Kusini hatuna madini," akasema wa Kusini, mama mmoja mwenye sauti ya msiba. "Tuna mihogo. Sasa hapo tunaambiwa nini?"

"Kwamba mhogo hauingii kwenye chuma, mama," Sikudhani akasema kwa upole.

"Mheshimiwa Waziri umesikia. Mihogo yetu imebaguliwa."

Waziri Mapambio alikuwa anaanza kutoka jasho. Hapo ndipo Farijala aliposimama, kofia nyeupe kwapani. "Waheshimiwa, kitaalamu hakuna tatizo. Mikoa mitano, pamoja na wenzetu wa nikeli, kila mkoa asilimia ishirini. Tutaiita Aloi ya Usawa."

Makofi yalipigwa mpaka chaki ikaanguka ubaoni. Mbunge wa Kusini alilia kabisa.

Sikudhani akamvuta Farijala mkono. "Wewe, kromu ishirini, mkaa ishirini, mihogo ishirini. Unapika chuma au unapika kigae?"

"Dada Siku," Farijala akamnong'oneza, "wewe unajua chuma. Mimi najua kikao."

* * *

Kitu cha kwanza kutengenezwa na Aloi ya Usawa kilichaguliwa na Mtukufu mwenyewe. Daraja la jirani lilikuwa na kimo cha mita thelathini. Mtukufu akataka siku ya uzinduzi anyanyuliwe na winchi hapo ukingoni mwa mto, amekaa kwenye kiti, mita thelathini na moja, ili jirani akiwa juu ya daraja lake lazima amtazame kwa kuinua kidevu. Winchi ilikuwepo. Kiti kilikuwepo, hicho hakijawahi kukosekana. Kilichohitajika ni kulabu ya kubebea minyororo ya kiti.

Siku ya mwago walitumbukiza tanuruni chuma, kromu, nikeli, makaa kwa gunia, na mihogo ya Kusini iliyokuja kwa msafara wa pikipiki. Kiwanda kilinuka kama sufuria la shule lililosahauliwa motoni. Kilichotoka Farijala alikimwaga kwenye umbo la udongo la kulabu, maana kukipiga nyundo hakikukubali, kilikuwa kinatoa unga. Kikapoa. Wakakipaka rangi za bendera nene nene, wakafunga kwa skrubu nne kibati cha shaba kimeandikwa FARIJALA, herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo. Chapa ya nyundo hakuthubutu. Ingemfia mkononi.

Sikudhani aliona kibati kile kinafungwa. Kijiba cha roho kikampanda mpaka kwenye macho.

Wiki hiyo wafanyakazi wote walikuwa uwanjani kila mchana kwa mazoezi ya makofi. Sikudhani akafunga kiganja bandeji, akasema kimeungua, akaachwa. Akawasha tanuru dogo la majaribio. Akayeyusha springi za lori na ekseli moja nzee, vyuma vilivyokwisha kubeba mizigo ya watu maisha yao yote. Akakwangua mavi ya chuma. Akaongeza kromu, nikeli, konzi mbili za molibdeni, mkaa wa kuhesabu kwa vidole. Akakimwaga, kilipoganda akakipiga nyundo mpaka kikapinda kama kulabu inavyotakiwa ipinde. Na kikiwa bado chekundu akafungua leso. Herufi nane, zilizosubiri miaka kumi na tisa. Akagonga kwenye kitako cha kulabu, mahali ambapo hakuna atakayepaona isipokuwa mtu aning'inie chini yake. SIKUDHANI. Ndipo akaitia matiko, kwanza kwenye oili, kisha kwenye moto mdogo. Alipoigonga ililia ngiiii, taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Hakuwa na mpango nayo wowote. Alitaka tu iwepo.

Farijala aliikuta chini ya benchi. Akaigeuza kwa ncha ya buti, hakujishughulisha kuinama. "Umetengeneza kulabu, dada. Safi. Peleka buchani, itafaa kutundikia mbuzi."

* * *

Siku moja kabla ya sherehe Kunambi, dereva wa winchi, alimfuata Sikudhani kantini, akakaa mbele yake bila kuomba chakula.

"Dada, ile kulabu nimeigonga na spana. Imelia kwatu. Kama chungu cha maharage."

"Ndivyo ilivyo."

"Itabeba?"

"Itabeba mpaka itakapoacha kubeba."

Kunambi akakuna kichwa. "Mimi nina mke mmoja na shingo moja, na vyote navipenda. Nikiongea naambiwa nahujumu. Nisipoongea Mtukufu anadondoka, na mwenye usukani ni mimi. Nifanye nini?"

Sasa tusidanganyane. Jibu la kwanza lililomjia Sikudhani lilikuwa kukaa kimya. Farijala aanguke na kulabu yake. Kibati cha shaba kipelekwe mahakamani kama ushahidi, kofia nyeupe irudi stoo, na stoo anaijua. Hata kile kiti alishawahi kukipima siku moja Farijala akiwa msalani. Aliona yote hayo kwenye sahani ya wali, na wali ukawa mtamu.

Halafu akamkumbuka mbuzi.

Kesho taifa zima litaangalia juu, litaona nini? Litaona chungu cha Farijala. Na chuma chake yeye, kinacholia, kitakuwa chini ya benchi kinasubiri mbuzi. Wivu ukamgeukia upande mwingine. Kumwona Farijala anaanguka alitamani, lakini kuona kigae kinaning'inia mahali pa chuma, hilo hakuliweza.

"Niletee rangi za bendera," akamwambia Kunambi. "Na bisibisi."

Walibadilisha mchana huo huo, walinzi wakiwa mazoezini wanapiga makofi ya kuridhika, ambayo ni tofauti na ya kufurahi. Sikudhani alilazimika kufungua kibati cha FARIJALA kwenye kigae na kukifunga kwenye kulabu yake mwenyewe. Skrubu ya kwanza aliifunga akitukana. Ya pili akitukana. Ya tatu machozi yalimtoka. Ya nne aliikaza kuliko zote, kwa sababu fundi ni fundi.

Lile jina la kitakoni walilipaka rangi. Lakini herufi iliyogongwa kwenye moto haizibwi na rangi.

* * *

Mtukufu alinyanyuliwa saa nne asubuhi. Bendi ilipiga, makofi ya kustaajabu yakapigwa kama yalivyofundishwa. Kwenye kibanda cha winchi Kunambi alikuwa anasali dini mbili kwa mpigo. Mita kumi. Mita ishirini. Mita thelathini. Ng'ambo, juu ya daraja lake, jirani alitoka na kikombe cha chai, akainua kidevu. Mita thelathini na moja. Kulabu ililia kidogo, ngiiii, ikatulia.

Mtukufu akapunga mkono ng'ambo. Kisha akainua macho juu amshukuru Mungu, na kabla hajafika kwa Mungu akakutana na kitako cha kulabu.

"Wananchi," akasema kwenye kipaza sauti, sauti ikashuka kutoka mawinguni. "Hapa juu kuna neno. Mnaona jina la fundi wetu hapo nje, kubwa, linang'aa. Lakini huku chini, kwa siri, kwa unyenyekevu, ameandika neno moja. Ameandika, *Sikudhani*."

Umati ukanyoosha shingo.

"Hakudhani kama tutaweza. Mimi mwenyewe sikudhani. Na yule pale na chai yake, muulizeni, alidhani?"

"Hakudhani," umati ukaunguruma.

"Semeni wote."

"Sikudhani. Sikudhani. Sikudhani."

Watu elfu arobaini waliita jina lake. Akinamama walifunga khanga viunoni wakacheza jina lake. Bendi ikalitungia wimbo hapo hapo. Sikudhani alikuwa katikati yao, ovaroli la pua, kofia ya njano, amesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akamshika bega mama aliyekuwa anaruka pembeni yake.

"Mama, hilo ni jina langu."

"Leo wote ni Sikudhani, mwanangu," yule mama akasema, akaendelea kuruka.

Mtukufu aliposhushwa Farijala aliitwa jukwaani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mtoto nyumbani na hakumbuki kuoa.

"Fundi," Mtukufu akamuuliza mbele ya watu wote, "hili neno ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha, Mtukufu, kwamba sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Sikudhani chochote, Mtukufu."

Mtukufu akamkumbatia. "Huyu," akawaambia mawaziri wake, "ndiye mtumishi. Mtumishi asiyedhani chochote." Akamvisha nishani, na kiti chake cha kuzunguka kikaamriwa kiongezwe kimo.

* * *

Farijala alikuja kwenye tanuru siku ya pili. Akasubiri watu wapungue. Nishani alikuwa nayo shingoni, lakini macho yalikuwa kwenye mikono ya Sikudhani, na kwa mara ya kwanza mwenye jicho la husuda alikuwa yeye.

"Dada Siku. Ulitia nini?"

Akamwambia yote. Wivu wake ulikuwa na heshima yake, hakumficha hata konzi. Chuma tisini na saba, kromu moja, mkaa nusu kasoro.

Farijala akasikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa. "Siwezi kulisema hilo. Kusini wataniua. Na wameshaagiza kulabu mia nne. Zote kwa Aloi ya Usawa, na zote zigongwe neno lile kitakoni, ni agizo."

"Kigae hakigongwi chapa."

"Tutaandika kwenye umbo, zitoke nalo."

"Zitavunjika, Farijala."

"Mia nne zote?"

"Zote. Nakuambia mbele ya nishani yako."

Farijala akaishika nishani kama anaifunika masikio. "Mimi hapo," akasema, "sijasikia."

Mwezi haujaisha Afisa wa Majina akamfuata Sikudhani nyumbani na fomu. Alikuwa kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni.

"Mama, jina lako sasa ni mali ya taifa. Mtu binafsi halitumii bila kibali."

"Nina miaka arobaini na tatu nalo."

"Ndiyo maana tunakuomba ulirudishe likiwa katika hali nzuri. Utachagua jingine, ni bure. Utaitwa nani?"

Sikudhani akaangalia dirishani. Getini kwa jirani wa mlango wa pili kulikuwa na bango la kulabu na jina lake, na mtoto wa jirani alikuwa ameshapewa jina hilo kwa kibali. Hata mtoto akamwonea wivu.

"Andika Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Wewe andika hivyo hivyo."

* * *

Kulabu ya kwanza ilivunjika bandarini, ikadondosha kontena la viti vya mawaziri. Ya pili ilivunjika machinjioni, na ng'ombe akatembea na miguu yake akarudi kwao. Zilifuata za mgodini, za kwenye reli, ya hospitali mpya iliyokuwa inapandishiwa paa, na hapo walikufa mafundi wawili. Kila mahali watu walikusanyika wakainama, wakaokota kipande, kimepasuka kama mhogo mkavu, na juu yake pameandikwa vizuri kabisa, SIKUDHANI.

Tume ikaundwa. Ilikaa kwenye ukumbi wa kiwanda, chini ya picha ya pua kama ile ya getini, ikaita mashahidi wote waliohusika na kuwauliza swali moja, kwamba je, hukujua kama hizi kulabu zingevunjika?

"Sikudhani," akasema Waziri Mapambio.

"Sikudhani," wakasema wabunge wa mikoa mitano, mmoja mmoja, kwa zamu, kwa usawa.

"Sikudhani," akasema Farijala, nishani ameigeuzia ndani.

Mtukufu aliandika barua, neno moja, na saini yake kurasa mbili. Mwenyekiti wa tume akaibusu barua, akaiweka kwenye faili. Zilibaki dakika kumi kufunga kikao. Akaitwa shahidi wa mwisho, fundi wa tanuru, mwanamke, kofia ya njano mkononi. Alikuwa amejiandaa. Mfukoni alikuwa na leso ya herufi nane, na karatasi yenye zile kilo mia, kila kitu na kiasi chake, pamoja na siku na saa aliyomwonya Farijala. Kulabu ya kweli ilikuwa bado pale mtoni kwenye winchi ya Kunambi, nzima, inalia. Alitaka kusema yote, na mwisho alitaka kusema imetengenezwa na nani.

"Tuanze na jina," mwenyekiti akasema, bila kuinua macho.

"Nilijua."

Kalamu ya mwenyekiti ikasimama. Ukumbi mzima ukageuka. Kwa wiki tatu za tume ile, katika nchi nzima, hakuna mtu aliyekuwa amelitamka neno hilo.

"Unasema?"

"Nilijua. Ndiyo jina langu. Ninacho na kitambulisho."

Mwenyekiti akavua miwani, akawatazama wenzake kushoto na kulia, akaivaa tena. "Iandikwe," akasema, "kwamba shahidi amekiri."

Asubuhi yake gazeti lilitoka na jina hilo ukurasa wa mbele, peke yake, herufi kubwa nyeusi kuanzia ukingo mpaka ukingo. Hakuna fundi wa nchi ile aliyewahi kuandikwa ukubwa huo. Wanaofanya kazi naye wanasema Farijala alikaa kwenye kiti chake kirefu, akalifungua gazeti akalitazama jina lile, akalikunja, akalifungua tena. Walimhesabu. Mara saba.